Chumvi, sindano na jeni: historia ya kinundu cha shingoni, kutoka Bern hadi Geita

Leo naanza na shingo ya mama yangu mdogo.

Anauza chakula karibu na makarasha ya dhahabu, Geita. Siku moja alikuwa anasukwa nywele, msusi akamgusa shingo akasema, "Mama, hapa kuna kitu." Kweli kilikuwepo: kinundu cha ukubwa wa ndimu changa, kinapanda na kushuka kila akimeza mate. Majirani walitoa majibu yote kabla ya hospitali. Mmoja alisema ni rovu tu, mwingine kansa, mwingine akasema kuna mtu kamtupia kitu. Mwishowe akapanda gari mpaka Mwanza, akapigwa altrasaundi, akachomwa sindano nyembamba, seli zikapelekwa maabara. Jibu lilirudi kwa lugha ya kitabibu, lakini maana yake ilikuwa moja: hatujui. Inaweza kuwa kansa, inaweza isiwe. Ili tujue, inabidi tukate.

Akanipigia simu. "Mwanangu, wewe si ndiye unayesoma mambo ya vinasaba? Hakuna kipimo cha kujua bila kunichinja?"

"Shikamoo mama," nikasema, huku najipa muda wa kufikiri.

Jibu fupi ni kwamba kipimo kipo. Jibu refu ni historia, na ndiyo nataka tuipitie pamoja. Ukiifuata utaona kwamba kipimo kilichotengenezwa kwa shingo za Marekani hakisomi shingo ya Geita kwa namna ileile. Na sababu yake, usicheke, inaanzia kwenye chumvi.

Tezi inayokula madini joto

Mbele ya koo, chini kidogo ya kongomeo, kuna tezi yenye umbo la kipepeo. Ndiyo tezi ya thairoidi, ambayo vitabu vingine vya Kiswahili huiita tezi ya dundumio. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazopanga mwendo wa mwili: mapigo ya moyo, joto, ukuaji, hata akili ya mtoto aliye tumboni. Ili itengeneze homoni hizo inahitaji iodini, ile tunayoiita madini joto. Ikikosa, ubongo unaipigia kelele ifanye kazi zaidi, nayo inavimba. Hiyo ndiyo goita, au rovu.

Iodini yenyewe iligunduliwa mwaka 1811 na Mfaransa Bernard Courtois, kwenye majivu ya mwani. Mwaka 1820 daktari Jean-François Coindet wa Geneva akaanza kuwapa wagonjwa wa goita. Mwaka 1922 Uswisi, nchi ya milima na ya goita nyingi, ikaanza kuitia kwenye chumvi ya kula.

Kwetu ilichukua muda. Katika miaka ya 1980 ilikadiriwa kwamba robo ya Watanzania walikuwa na matatizo ya upungufu wa madini joto, na hali mbaya zaidi ilikuwa nyanda za juu za kusini: Mbeya, Iringa, Rukwa, Ruvuma. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973, ikashirikiana na wizara kugawa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya zilizoathirika zaidi. Miaka ya 1990 ikaja hatua kubwa, yaani chumvi yote ya kula itiwe madini joto. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2004 ulikuta goita kwa watoto wa shule imeshuka hadi karibu asilimia 7. Ni moja ya ushindi mkubwa wa afya ya jamii nchini, na karibu hakuna anayeusimulia.

Chumvi peke yake haikuwa hadithi yote. Miaka ya 1960, kwenye kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, watafiti wa Kibelgiji walikuta jambo la ajabu. Kaskazini mwa kisiwa goita ilikuwa nyingi sana, kusini-magharibi ilikuwa kidogo, na iodini ilikuwa pungufu pande zote mbili. Uchunguzi uliwafikisha kwenye muhogo. Muhogo usioandaliwa vizuri unaacha sumu ambayo mwili unaigeuza kuwa thayosayaneti, na hiyo huizuia tezi kunyonya iodini. Ndiyo maana kuloweka na kuchachua muhogo, kama bibi zetu wa Kanda ya Ziwa wanavyofanya kwenye udaga, ni kemia ya kulinda mwili hata kama hawakuiita hivyo.

Shika hili la chumvi. Tutalirudia.

Kisu cha Kocher, na somo lake

Kabla ya karne ya 20 kukata goita kulikuwa ni kucheza na kifo, maana shingo imejaa damu. Aliyebadilisha mambo ni Theodor Kocher wa Bern, Uswisi. Alikata taratibu, akafunga kila mshipa, akazingatia usafi, na kati ya maelfu ya upasuaji alioufanya vifo vikashuka chini ya asilimia 1. Mwaka 1909 akapewa Tuzo ya Nobel.

Lakini mwaka 1883 Kocher aligundua jambo lililomuumiza. Alipowaita wagonjwa aliowatoa tezi nzima, wengi walikuwa wamebadilika: wazito, wamevimba uso, wanasikia baridi, akili imepoa. Upasuaji ulifanikiwa, mtu akaharibika. Hapo dunia ikajifunza kwamba tezi hii si nyama ya ziada. Mwaka 1891 George Murray wa Newcastle akaanza kutibu hali hiyo kwa maji ya tezi ya kondoo, na mwaka 1914 Edward Kendall wa Marekani akaitenga homoni yenyewe, thairoksini. Leo ni kidonge kidogo.

Sasa fikiria. Ukitolewa tezi yote, kidonge hicho unakinywa kila siku mpaka kufa. Kwa mtu wa mjini ni usumbufu. Kwa mtu wa kijijini Mbogwe au Bukombe, dawa ikiisha kwenye duka la karibu, ni kurudi kwenye lile tatizo la mwaka 1883. Pia nyuma ya tezi hupita mshipa wa fahamu wa sauti. Ukiguswa vibaya, sauti inakwaruza, pengine inapotea. Kwa hiyo mama mdogo aliposema "kunichinja" hakuwa anatia chumvi. Kukata kuna bei, na swali la kama kukata kunahitajika ni swali zito.

Sindano inayosema "sijui"

Mwaka 1930, katika hospitali ya Memorial ya New York, Hayes Martin na Edward Ellis waliandika kuhusu kunyonya seli za uvimbe kwa sindano badala ya kukata kinyama. Wenzao wengi hawakuipenda njia hiyo. Ni madaktari wa Sweden, kuanzia miaka ya 1950, walioikuza kwa sindano nyembamba zaidi na kuifanya iaminike kwa vinundu vya shingo.

Ni kipimo kizuri mno. Vinundu vya shingo ni vingi kupita kiasi, hasa kwa wanawake na watu wazima, na sehemu kubwa kabisa si kansa. Sindano ilisaidia kuwachuja watu. Ila kila maabara ilikuwa na lugha yake. Mwaka 2007 wataalamu walikutana Bethesda, Marekani, wakapanga majibu katika makundi sita, yakachapishwa mwaka 2009. Kundi la 2 ni salama: uwezekano wa kansa ulikadiriwa kuwa kati ya asilimia 0 na 3. Kundi la 6 ni kansa: asilimia 97 hadi 99. Tatizo liko katikati, kundi la 3 na la 4, ambapo walikadiria asilimia 5 hadi 30. Humo ndimo alimoangukia mama mdogo.

Kwa nini hadubini ishindwe? Hapa naomba utulie kidogo, maana ndiyo moyo wa makala.

Kansa za tezi hii ziko za aina kadhaa, na mbili ndizo za kawaida. Ya kwanza ni kansa ya papila. Seli zake zina sura ya pekee: kiini cheupe, chenye mikunjo. Mtaalamu wa patholojia akiziona kwenye kioo anazitambua. Ya pili ni kansa ya folikula. Seli zake zinafanana karibu kabisa na seli za uvimbe wa folikula usio na madhara. Tofauti haimo ndani ya seli. Iko kwenye ukuta wa kinundu: je, seli zimeutoboa na kuingia kwenye mishipa ya damu, au zimetulia ndani? Sindano inakuletea seli, haikuletei ukuta. Ni sawa na kupewa picha ya pasipoti ya mtu ukaulizwa kama ameruka ukuta wa jirani. Utajuaje?

Kwa hiyo, kwa miaka mingi, walioangukia katikati walikatwa. Na wengi wao, baada ya kukatwa, majibu yalionyesha kwamba hawakuwa na kansa.

Jeni zaingia

Tarehe 26 Aprili 1986 kinu cha nyuklia cha Chernobyl kililipuka. Hewani ikasambaa iodini yenye mionzi, na tezi za watoto, hasa kwenye maeneo yaliyokuwa na upungufu wa iodini ya kawaida, ziliinyonya kwa pupa. Miaka michache baadaye kansa ya tezi kwa watoto wa Belarus na Ukraine ikapanda. Wataalamu walipochunguza vinasaba vya uvimbe ule, wakakuta mara nyingi jeni iitwayo RET imekatika na kuungwa vibaya na jeni nyingine. Kosa hilo lilikuwa limegunduliwa mwaka 1987 katika maabara ya Napoli, Italia. Sasa likawa alama inayoeleweka: kansa hii ina sahihi yake ndani ya vinasaba.

Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza wakatangaza kosa katika jeni ya BRAF, kwa kuanzia na kansa ya ngozi. Mwaka uliofuata likaonekana kwenye kansa ya papila. Mwaka 2014 mradi mkubwa wa Marekani ulisoma vinasaba vya kansa za papila 496 na kukuta kosa hilo kwa takriban 60 katika kila 100. Jeni nyingine, familia ya RAS, zilionekana pia.

Hapa nikusahihishe kitu kimoja. Kwetu ukisema "kupima DNA" watu wanafikiria baba halali wa mtoto na Ofisi ya Mkemia Mkuu. Hiki ni kipimo tofauti. Makosa haya kwa kawaida hukurithi kwa mzazi wala hutamrithisha mtoto. Yametokea ndani ya kinundu chenyewe, ukubwani. Kuna aina moja ya nadra, kansa ya medula, ambayo wakati mwingine hurithiwa kupitia RET, jambo lililothibitishwa mwaka 1993. Huko ndiko ndugu nao hupimwa.

Kampuni na vyuo vikaona fursa. Mwaka 2012 utafiti wa kipimo cha Afirma ulichapishwa: walichukua seli zilezile za sindano na kupima ni jeni zipi zilikuwa zinafanya kazi kwa nguvu, jumla 167. Walikuwa na vinundu 265 vya katikati, 85 vikiwa ni kansa. Kipimo kilishtukia 78 kati ya hizo 85. Kwa vile visivyo kansa, kiliruhusu kidogo tu zaidi ya nusu. Ukitaka hesabu ya mkononi, katika kila watu 100 wa aina hiyo, 32 wana kansa. Kipimo kinawashtukia 29 na kuwakosa 3. Katika 68 wasio nayo, kinawaambia 35 "tulia", na 33 bado kinawatisha. Chuo Kikuu cha Pittsburgh nacho kikatoa ThyroSeq. Toleo lake la tatu linasoma jeni 112, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalikuwa bora zaidi kwenye kuwaruhusu wasio na kansa.

Kwa hiyo mama mdogo alikuwa sahihi: kipimo kipo. Bei yake ya orodha inapita dola 3,000, na sampuli ya Afirma husomwa Marekani. Lakini hebu tuache bei kwa muda. Tuseme kesho kinashuka Mwanza bure. Je, kingemsaidia?

Turudi kwenye chumvi

Dunia nzima imeonekana hivi: mahali penye upungufu wa iodini, kansa ya folikula huwa na sehemu kubwa zaidi. Chumvi ikitiwa iodini, miaka ikipita, folikula inapungua na papila inakuwa ndiyo mwenye nyumba. Mkoa wa Salta, Argentina, ulioanza kupata chumvi hiyo miaka ya 1960, ni mfano unaotajwa sana.

Sasa unganisha nyuzi. BRAF, jeni maarufu kuliko zote hapa, ni alama ya papila, ile ile ambayo hadubini tayari inaitambua vizuri. Kwenye kansa ya folikula kosa hilo maarufu la BRAF halitarajiwi. Huko wanaokutwa ni RAS, na RAS ina tabia mbaya: inakutwa kwenye kansa ya folikula, na inakutwa pia kwenye uvimbe wa folikula usio na madhara. Yaani mahali ambapo hadubini inakwama ndipo alama hizi mbili mashuhuri nazo zinapokwama. Ndiyo maana Pittsburgh walilazimika kufika jeni 112.

Mama mdogo ana miaka hamsini na kitu. Amekua, amebalehe na kuzaa kabla chumvi ya Tanzania haijatiwa madini joto. Binti yake amezaliwa baada ya hapo. Wanakula sufuria moja, lakini shingo zao zina historia mbili. Kipimo kilekile kinaweza kuwa na maana tofauti kwa mama na kwa binti. Ukanda huu haukuwa na sifa ya goita kama Mbeya, lakini miji ya dhahabu imekusanya watu kutoka kila kona. Tangu mgodi wa kwanza wa Geita wa miaka ya 1930, kisha Mwadui ya almasi kule Shinyanga, mpaka Geita mpya ya mwaka 2000 na Bulyanhulu ya mwaka 2001, watu wamekuja na shingo walizokulia kwao.

Na orodha za jeni zenyewe zimejengwa kutokana na wagonjwa ambao wengi wana asili ya Ulaya. Sisi tumo wachache mno. Kipimo kinapimwa kwa wale kilichojifunza kwao.

Na zebaki je?

Nilijua utauliza. Wachimbaji wadogo wanakamata dhahabu kwa zebaki, kisha wanaichoma. Mwaka 2003, katika mradi wa UNIDO, watafiti wa Ujerumani walipima afya za watu wa Rwamagasa, Geita. Wachomaji ndio walioonyesha dalili nyingi zaidi za sumu hiyo. Na mwaka 1975 watafiti wa Slovenia walikuwa wameonyesha kwamba wachimbaji wa zebaki wa Idrija walikuwa na zebaki nyingi iliyokaa ndani ya tezi ya thairoidi, imeshikana na seleniamu, madini ambayo tezi hiyo inayahitaji. Hiyo ni sababu nzuri ya kufanya utafiti, lakini siyo ushahidi kwamba zebaki inaleta vinundu au kansa ya tezi. Usiniwekee maneno mdomoni. Ubongo na figo vinatosha kabisa kukufanya uiogope.

Onyo la Korea

Kuna mtego mwingine. Korea Kusini walianza kupima shingo za watu wazima kwa altrasaundi bila dalili yoyote. Kufikia mwaka 2011 kansa za tezi zilizogunduliwa zilikuwa mara 15 ya zile za mwaka 1993. Vifo havikubadilika. Walikuwa wanaokota vikansa vidogo vya papila ambavyo vingekaa kimya maisha yote. Finland walishaonyesha hivyo mwaka 1985: katika maiti 101 za watu waliokufa kwa mambo mengine, 36 zilikuwa na kansa ndogo ya papila ambayo mwenyewe hakuijua. Altrasaundi zinazidi kusambaa kwenye miji yetu. Tukianza kutafuta kila kinundu tutavipata, na kisu kitafuata.

Kwa hiyo nilimjibu nini?

Nilimwambia ukweli. "Mama, kipimo kipo, hakijatufikia, na kikifika leo hakitakujua vizuri." Akakaa kimya kidogo, akasema, "Basi wanitoe nusu." Wakamtoa nusu ya tezi, nusu nyingine ikabaki kufanya kazi. Jibu la patholojia: uvimbe wa folikula, si kansa. Sauti ilikwaruza wiki kadhaa, na mama lishe asiye na sauti anauza kidogo. Amepona. Ila alikatwa ili kujibu swali, hakukatwa ili kuondoa ugonjwa.

Sipingi jeni, ndiyo kazi yangu. Nataka zifike. Ila historia inaonyesha kwamba ngazi ina vipandio, na kipandio cha juu hakishiki bila cha chini. Cha kwanza ni chumvi yenye madini joto, ambayo tusiiachie ilegee. Cha pili ni sindano na macho ya kusoma kioo. Hospitali ya Bugando, inayopokea rufaa za kanda yetu tangu mwaka 1971, imekuwa ikikata goita miaka na miaka, na madaktari wake waliandika kuhusu wagonjwa hao mwaka 2011. Wengi walikuwa wanawake, na nyingi hazikuwa kansa. Vinyama vya wagonjwa wa namna hiyo, vikitunzwa na kusomwa kwa ridhaa na kwa kufuata sheria yetu ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, vinaweza kutupa orodha ya jeni inayotujua sisi. Hicho ndicho kipandio cha tatu, na hakihitaji kusubiri kampuni.

Wewe msomaji, leo jioni simama mbele ya kioo, inua kidevu, kunywa funda la maji, tazama shingo. Ukiona kitu kinapanda na kushuka, usikimbilie kwa mganga, na usianze kuandika wosia. Nenda hospitali, uliza kuhusu sindano, na jibu likirudi uliza ni kundi la ngapi kati ya sita. Wakikuambia la 3 au la 4, uliza pia kama inatosha kutoa nusu.

Binti wa mama mdogo ameshajitazama. Yeye hana kitu, ila sasa kila akienda dukani anageuza pakiti ya chumvi kusoma nyuma.